Blu-ray ya The Zodiac Killer (1971): skani ni ya 4K, mbona picha imejaa mikwaruzo na chembechembe?

Mswahili wa Kisauni ameuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa urejeshaji wa filamu za zamani. Binamu yangu aishiye Marekani ameniletea diski ya Blu-ray ya The Zodiac Killer, filamu ya uhalifu ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Tom Hanson, katika toleo la mwaka 2017 la American Genre Film Archive, yaani AGFA, wakishirikiana na Something Weird Video. Maelezo ya toleo hilo yanasema kwamba picha imetokana na skani mpya ya 4K. Nilishawahi kuiona filamu hii katika nakala ya mtandaoni iliyonakiliwa kutoka kanda ya VHS, na sikatai kwamba sasa kuna tofauti kubwa: nyuso zinatambulika, maandishi ya mwanzoni yanasomeka, na maonyesho ya usiku ambayo zamani yalikuwa giza tupu sasa yana watu ndani yake.

Pamoja na hayo, ninaona mistari myembamba ya wima inayoteremka kwenye picha, madoa meupe yanayotokea na kutoweka kwa kufumba na kufumbua, na chembechembe zinazochemka angani na kwenye kuta kana kwamba picha inatetemeka. Rangi nazo hazitulii, kwa maana onyesho moja huelekea kwenye wekundu na linalofuata huwa limepauka, na sauti ina mvumo usiokoma. Runinga yangu ni ya 4K ya inchi 55, kwa hiyo kila kasoro inaonekana waziwazi.

Ningependa kujua kama waliorejesha filamu hii walifanya uzembe, au kama kuna jambo ambalo sisi watazamaji wa kawaida hatulielewi kuhusu maana ya 4K. Vilevile, mdogo wangu ananishauri niipitishe filamu yote katika programu ya akili mnemba inayosafisha na kunoa video. Ninasita, lakini sina hoja ya kumjibu.

Fundi Projekta (Dar es Salaam) amejibu:

Ndugu yangu wa Kisauni, karibu. Tuanze na hiyo 4K, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Maelezo uliyoyasoma yanataja kazi iliyofanyika maabara, wala hayatamki kwamba diski yenyewe ina picha ya 4K. Mkanda ulipitishwa kwenye skana, na kila fremu ikapigwa picha yenye upana wa pikseli zipatazo 4,000. Blu-ray ya kawaida hubeba pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili, ilhali diski ya UHD, yaani Blu-ray ya 4K, hubeba 3,840 kwa 2,160, ambazo ni zaidi ya milioni nane. Skani hiyo ilibidi ipunguzwe ili iingie kwenye diski, kisha runinga yako ikaikuza tena kwa kukisia pikseli zilizopungua. Hakuna aliyekudanganya, kwa sababu hata picha itakayopunguzwa baadaye hunufaika na skani kubwa: skani ndogo ikikutana na chembechembe nene huzivuruga zikawa kelele za mraba mraba, lakini skani ya 4K huzipa umbo lake lenyewe.

Jambo la pili, na ndilo kubwa, ni chanzo. AGFA walieleza kwamba skani ilifanywa kutokana na nyenzo pekee zilizosalia, nazo ni za kukuzwa kutoka milimita 16. Fremu ya mkanda wa milimita 16 ina upana wa milimita 10 hivi na kimo cha milimita 7 na nusu, ilhali fremu ya kawaida ya milimita 35 hukaribia milimita 22 kwa 16. Kwa eneo, hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza kwa zaidi ya mara nne. Watengenezaji wasio na fedha walipiga kwa milimita 16 kwa sababu kamera ni nyepesi na mkanda ni wa bei nafuu, kisha wakaikuza picha kwa mashine ya kunakilia hadi milimita 35 ili majumba ya sinema yaweze kuionyesha. Chembechembe hukua pamoja na picha. Aidha, kila mara mkanda unaponakiliwa kwenda mkanda mwingine, mkanda mpya huongeza chembechembe zake juu ya zile za zamani, weupe huzidi kuwa mkali, na vivuli hupoteza undani uliokuwemo. Skana nzuri kuliko zote duniani haiwezi kurudisha undani uliopotea katika mashine ya kunakilia mwaka 1971.

Sasa tuyatazame madoa unayoyaona, kwa sababu rangi yake husimulia yalitoka wapi. Vumbi likiganda kwenye negativu, yaani mkanda wa asili ambao nakala huchapwa kutoka kwake, wakati wa kunakili, huzuia mwanga, na mahali pale kwenye nakala hutokea doa jeupe. Kwa hiyo madoa meupe kwa kawaida ni ya kizazi cha nyuma, yaani ya mkanda ulionakiliwa kabla ya huu. Yalichapwa ndani ya picha, na hata ungeuosha mkanda uliopo leo yasingetoka. Vumbi lililo juu ya nakala yenyewe huonekana jeusi, na hilo huweza kuoshwa. Mikwaruzo iliyo upande wa plastiki hupungua sana mkanda unaposkaniwa ukiwa umelowanishwa kwa kimiminika maalumu kinachojaza mifereji yake, lakini mkwaruzo uliokata upande wa rangi huwa umeondoa tabaka zima. Ndiyo maana katika nakala za rangi utakuta mistari ya kijani: tabaka la juu, lenye rangi ya majenta, limekwanguliwa. Itazame diski yako kwa jicho hilo, na utaona kwamba mengi unayoyaita uchafu hayakuwekwa na wala hayakuachwa kwa uzembe na watu wa mwaka 2017.

Kuhusu rangi, nakala za rangi za Eastman za miaka ile zinajulikana kwa kufifia, na rangi ya samawati-kijani ndiyo hutangulia kuondoka, ikaiacha picha ikielekea kwenye waridi na wekundu. Mrekebishaji wa rangi anaweza kusawazisha kilichobaki, lakini kile kilichotoweka kabisa atakuwa anakibuni. Ukiongeza kwamba filamu za namna hii zilipigwa bila taa za kutosha, siku tofauti, pengine kwa mikanda ya makundi tofauti, huwezi kutarajia onyesho la barabarani lifanane na la chumbani.

Dada wa Makadara amejibu:

Kabla hujamlaumu yeyote, kaka, ingia kwenye mipangilio ya runinga yako. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa na unoaji wa picha uliopandishwa juu na kipengele cha kulainisha mwendo kikiwa kimewashwa. Unoaji huchukua kila chembe na kuipigia mstari pembeni, nacho kipengele cha mwendo hujaribu kubuni fremu za ziada kati ya zile 24 za kila sekunde; kikikutana na chembechembe zinazobadilika kila fremu, huchanganyikiwa. Huko kuchemka unakokutaja kwa sehemu kubwa huenda ni kazi ya runinga. Chagua hali ya sinema, shusha unoaji hadi chini kabisa, zima ulainishaji wa mwendo na uondoaji wa kelele, kisha utazame upya.

Ninaongeza neno moja kwa wengine wanaofikiria kuagiza. Diski huweza kufungwa ili ichezwe katika eneo fulani tu la dunia, liitwalo kanda. Kwa upande wa Blu-ray, Marekani ipo kanda A na Afrika ipo kanda B. Kwa upande wa DVD, Marekani ni kanda 1, Kenya na Tanzania ni kanda 5, na Afrika Kusini ni kanda 2. Hakikisheni diski mnayoitaka haijafungwa kikanda, au kichezeshi chenu kinasoma kanda zote, kabla hamjalipia usafirishaji.

Mzee wa Riili (Tanga) amejibu:

Ninamheshimu Fundi, na maelezo yake ya kiufundi ni sahihi, lakini kuna tabia inayonisumbua miongoni mwetu sisi wapenzi wa filamu hizi: kila tunapooneshwa picha iliyochakaa, tunasema ndio uhalisi wake. Chembechembe ni mali ya filamu, kwa sababu ndizo zilizoiumba picha tangu dawa ya maabara ya kuitokeza picha ilipougusa mkanda. Mikwaruzo si mali ya filamu. Ni alama za projekta mbovu, za vijana wa chumba cha mitambo walioburuta mkanda sakafuni, na za mabohari yenye vumbi. Siku ya kwanza filamu hii ilipoonyeshwa San Francisco, mwezi Aprili 1971, mistari mingi kati ya hiyo haikuwepo. Mtu anayetaka kuona kilichoonekana siku ile ana haki ya kuomba iondolewe.

Nyenzo za kuiondoa zipo. Skana za kisasa huweza kupiga fremu kwa mwanga wa infraredi pia. Rangi za mkanda huupitisha mwanga huo, lakini vumbi na mikwaruzo huuzuia, kwa hiyo kompyuta hupata ramani ya kasoro bila kuigusa picha. Zipo pia programu zinazolinganisha fremu na ile iliyotangulia na inayofuata, na kuziba doa lililotokea mara moja tu. Tatizo ni kwamba programu zikiachiwa zijiendeshe, hula vitu halali: matone ya mvua, cheche za bunduki, mpira unaoruka, hata ncha ya kisu kinachometameta. Katika filamu ya mauaji, hicho kisu ndicho watu walichokatia tikiti. Lazima binadamu akague, na filamu ya dakika 85 ina fremu zaidi ya 120,000.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Studio kubwa ikiwa na filamu inayojulikana dunia nzima huweza kulipa wakaguzi kwa miezi. Shirika lisilo la faida kama AGFA, lililoanzishwa Austin, Texas, mwaka 2009, likiwa na filamu ambayo wapenzi wake ni wachache, hulazimika kuchagua: lisafishe filamu moja hadi ing'ae, au liokoe kumi zikiwa na makovu yake. Mimi ningechagua kumi. Ninachotaka tu ni tukiri kwamba huo ni uchaguzi wa kibajeti, tusiuvike joho la falsafa ya usanii.

Fundi Projekta (Dar es Salaam) amejibu:

Mzee wangu, hapo sina ubishi nawe, isipokuwa kwenye jambo moja. Kosa la kusafisha pungufu hurekebishika, kwa sababu skani ghafi ipo na mtu anaweza kuirudia akipata fedha. Kosa la kusafisha kupita kiasi ndilo hufika sokoni na kukaa huko kama ndiyo sura halali ya filamu. Wengi hapa wanakumbuka toleo la Blu-ray la Predator la mwaka 2010, ambapo chembechembe ziliondolewa kwa programu hadi ngozi za waigizaji zikawa kama nta, na hiyo ilikuwa filamu ya studio kubwa isiyokosa negativu wala bajeti.

Rangi nayo ina mikasa yake. Blu-ray ya The French Connection ya mwaka 2009 ilipaushwa rangi kwa amri ya mwongozaji wake mwenyewe, William Friedkin, na mpigapicha wake, Owen Roizman, akaipinga hadharani. Mwaka 2012 likatoka toleo jingine lenye rangi iliyokaribia ile ya asili. Ikiwa filamu iliyopata tuzo ya Oscar, ambayo mwongozaji na mpigapicha wake wote walikuwa hai, ilileta mgogoro wa namna hiyo, basi tuwe na subira na mrekebishaji wa rangi aliyeketi na mkanda mmoja uliofifia wa filamu ya Hanson.

Mswahili wa Kisauni amejibu:

Ninawashukuru nyote. Nimefuata ushauri wa Dada wa Makadara na kwa kweli kuchemka kumepungua sana, ingawa mikwaruzo ipo palepale. Sasa ninaelewa kwamba AGFA walikuwa na nyenzo moja tu mikononi mwao. Linalonishangaza ni jinsi filamu iliyotengenezwa Marekani, nchi yenye viwanda vikubwa vya sinema, inavyoweza kufika mahali ikabakiwa na nyenzo moja. Negativu huwa inakwenda wapi?

Msomaji wa Magazeti (Nairobi) amejibu:

Ukiijua filamu hii ilitengenezwa kwa ajili gani, hutashangaa tena. Tom Hanson hakuwa mtu wa Hollywood; alikuwa mmiliki wa migahawa ya piza. Muuaji aliyejiita Zodiac alikuwa ameua watu watano wanaothibitishwa, kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, katika maeneo ya Vallejo, Ziwa Berryessa na San Francisco, na alikuwa akiyaandikia magazeti barua zenye maandishi ya mafumbo. Hanson aliitengeneza filamu haraka, kwa dola zipatazo 13,000, wakati muuaji hajakamatwa na barua bado zinakumbukwa, kwa kuamini kwamba mtu mwenye majivuno ya kiasi kile asingeweza kukosa kwenda kujitazama kwenye sinema.

Katika jumba la Golden Gate watazamaji waliahidiwa bahati nasibu ya pikipiki ya Kawasaki, na ili kushiriki walitakiwa kuandika kwenye kadi kwa nini wanadhani Zodiac anaua. Kadi zilitumbukizwa kwenye sanduku, na ndani yake, kwa masimulizi ya Hanson mwenyewe, alijificha mtu aliyezilinganisha na mwandiko wa barua za muuaji. Mtego haukumnasa mtu, na kesi hiyo haijapata mshitakiwa hadi leo, ingawa fumbo lake la herufi 340 lilifumbuliwa Desemba 2020 na wapenzi watatu wa mafumbo wanaoishi katika mabara tofauti.

Tazama sasa: hii ni filamu iliyotengenezwa ili itumike kwa muda mfupi. Kabla mwaka 1971 haujaisha, Dirty Harry ikaingia sinema ikiwa na muuaji aliyechotwa kutoka kisa hichohicho, ikiwa na Clint Eastwood na fedha za Warner Bros. Nani angeendelea kuitafuta ya Hanson? Filamu za gharama ndogo za kuchuma fedha kutokana na jambo linalozungumzwa mjini ziliishi kwa nakala chache zilizozunguka majumba ya sinema hadi zikachakaa. Negativu kwa kawaida ilibaki kwenye ghala la maabara, na hapo ilikuwa kama mali ya mpangaji: kodi isipolipwa, au maabara ikifungwa, vitu hutolewa nje. Filamu nyingi za aina hii zilipotea kwa njia hiyo bila mtu yeyote kuzichukia.

Zilizosalia mara nyingi zilisalia kwa sababu ya watu waliokuwa wakichekwa. Mike Vraney, ambaye mwaka 1990 alianzisha Something Weird Video huko Seattle, alitumia maisha yake kukusanya mikanda ambayo hakuna maktaba iliyoitaka. Alifariki Januari 2014, na mwaka 2015 AGFA walichangisha fedha mtandaoni ili kupata skana na kuanza kuihifadhi hazina hiyo. Diski yako ndiyo iliyokuwa toleo la kwanza la AGFA kwa watazamaji wa nyumbani. Ukiijua njia hiyo iliyopita, mikwaruzo yake inaeleweka, ingawa simwambii Mzee wa Riili aipende.

Nasi wa Afrika tuna mfano wetu wa karibu, ambao ulipotea kwa sababu nyingine kabisa. Joe Bullet ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Louis de Witt na kutayarishwa na Tonie van der Merwe, ilikuwa filamu ya uhalifu yenye waigizaji weusi watupu, Ken Gampu akiwa shujaa anayepambana na genge linaloihujumu timu ya kandanda kabla ya fainali, na mwimbaji Abigail Kubeka akiwa pembeni yake. Mwaka 1973 ilionyeshwa mara mbili tu katika jumba la Eyethu, Soweto, kisha serikali ya ubaguzi wa rangi ikaipiga marufuku. Mtu mweusi mwenye bastola na gari la kifahari lilikuwa jambo ambalo wakaguzi hawakuweza kulivumilia. Ilikaa kimya kwa miongo hadi kampuni ya Gravel Road ya Cape Town ilipoirejesha kidijiti, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2014. Kwetu Afrika Mashariki, wazee waliosoma magazeti ya picha ya Lance Spearman, shujaa wa kubuni anayepambana na wahalifu, wakiwa vijana wangemtambua Joe Bullet kama ndugu yake, lakini hawakupewa nafasi ya kumwona.

Ninaitaja kwa sababu inagusa swali lako la uzembe. Kwa Joe Bullet marufuku ndiyo iliyozuia mkanda usizunguke, na mkanda usiozunguka haukwaruzwi na projekta, ingawa huweza kuoza. Kwa The Zodiac Killer, kuzunguka ndiko kulikoiachia alama. Huwezi kuzihukumu diski mbili za filamu za namna hii kwa kipimo kimoja kabla hujauliza kila mkanda ulipitia wapi.

Dada wa Makadara amejibu:

Msomaji umetaja kuoza, na ni vyema tulieleze kidogo, kwa sababu wapo watakaodhani kwamba mkanda usioguswa uko salama. Mikanda mingi ya miaka ile ni ya asetati, na asetati ikianza kuvunjika hutoa asidi yenye harufu ya siki. Asidi hiyo huchochea uvunjikaji zaidi, kwa hiyo kadiri unavyoendelea ndivyo unavyozidi kasi: mkanda husinyaa, hujikunja, na mwishowe tabaka la picha hubanduka. Kampuni moja ya Marekani inayorejesha filamu za aina hii, iliyoanzishwa mwaka 2012, imejiita Vinegar Syndrome kwa sababu ya ugonjwa huo. Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester ilikadiria kwamba mkanda mpya wa asetati uliotunzwa kwenye nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 hufikia hatua ya hatari baada ya miaka 40 hivi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hazijawahi kuwa na hali ya hewa ya namna hiyo, wala mabohari mengi ya Marekani yasiyo na viyoyozi. Mwenye skana leo anashindana na saa.

Mswahili wa Kisauni amejibu:

Nimeelimika kuliko nilivyotarajia. Limebaki swali la mdogo wangu na programu yake ya akili mnemba. Yeye anasema kwamba ikiwa runinga tayari inakisia pikseli, kama Fundi alivyoeleza, basi kompyuta yenye nguvu itakisia vizuri zaidi, na kwa kuwa nakala ni yangu nyumbani, hakuna ninayemdhuru. Vilevile hatujaigusa sauti.

Fundi Projekta (Dar es Salaam) amejibu:

Mdogo wako ana akili, na hoja yake inastahili jibu. Runinga inapokuza picha huchukua pikseli zilizopo na kukadiria wastani wake. Ikikosea, picha hubaki laini kidogo. Programu unayoitaja hufanya kazi tofauti. Imefunzwa kwa picha nyingi za watu na vitu, na inapokutana na uso usio na undani huupa undani wa nyuso nyingine ilizozisoma. Matokeo huvutia kwa picha moja iliyosimama. Katika mwendo, kope na meno hubadilika umbo, vitambaa hupata mfumo usiokuwepo, na mtu aliye nyuma ya onyesho huweza kupewa uso wa kutisha. Hata wakubwa hawajanusurika: toleo la 4K la True Lies la mwaka 2024 lililalamikiwa sana kwa sababu ya ngozi zilizolainishwa na nywele zilizonolewa kupita kiasi, na hiyo ilitokana na nyenzo bora zaidi ya zote tunazozizungumzia hapa.

Filamu ya Hanson itakuwa na hali mbaya zaidi. Programu haitofautishi vyema chembechembe na undani halisi, na katika picha iliyokuzwa kutoka milimita 16 vitu hivyo viwili vinakaribiana kwa ukubwa. Itafuta chembechembe, itaondoka na undani mdogo uliokuwa umejificha ndani yake, kisha itabuni wake. Ajaribu dakika mbili za onyesho la usiku na dakika mbili za onyesho la mchana, azicheze sambamba na diski kwenye runinga iliyorekebishwa, na ahukumu mwenyewe. Anachofanya nyumbani hakimdhuru mtu, mradi asiisambaze mtandaoni na kuiita toleo lililorejeshwa, maana mtazamaji atakayefuata hatajua kwamba nusu ya uso anaouona ulitungwa na kompyuta.

Kuhusu sauti, kwa kawaida filamu kama hii huwa na njia ya sauti ya mwanga, yaani mstari ulio pembeni mwa picha ambao projekta huusoma kwa taa. Mstari huo hukwaruzwa kama picha inavyokwaruzwa, na kila mkwaruzo husikika kama mlio wa kupasuka. Uwezo wake wa kubeba sauti nyembamba ni mdogo, kwa hiyo mvumo huwa umekaa pamoja na herufi kama s na f za waigizaji. Ukiuondoa mvumo wote, maneno huanza kusikika kama yanasemwa chini ya maji. Wengi wa warejeshaji makini huondoa milio ya kupasuka na kuuacha mvumo kiasi. Kama unakusumbua, punguza sauti nyembamba kidogo kwenye kipaza sauti chako, usitafute programu.

Kuna jambo moja ambalo diski yako inakuruhusu kulifanya bila gharama. Humo humo AGFA waliweka filamu ya pili, Another Son of Sam ya mwaka 1977, na hiyo waliiskani kwa 2K, yaani upana wa pikseli zipatazo 2,000, kutokana na nakala ya milimita 35 iliyotumika sinema. Kwa hiyo una skani ya 4K kutoka chanzo kilichokuzwa, na skani ya 2K kutoka nakala ya kuonyeshea, katika toleo moja na kwa kichezeshi kimoja. Tazama dakika kumi za kila moja, uangalie ukubwa wa chembechembe, rangi ya mikwaruzo na undani wa vivuli, kisha utueleze hapa umeona nini kabla hatujaendelea na mjadala wa namba za K.

Mzee wa Riili (Tanga) amejibu:

Akishamaliza kutazama na kurudi kutueleza, aanze na vivuli. Namba za kwenye jalada hudanganya zaidi mahali palipo na giza.